Kifaransa bila kupitia kwa Mwingereza

Vitabu vingi vya kujifunzia Kifaransa vinavyopatikana katika maduka yetu viliandikwa kwa ajili ya mtu anayezungumza Kiingereza. Hilo si kosa, kila mwandishi ana mteja wake. Lakini ukivisoma utaona vinamwomba msomaji radhi karibu kila ukurasa. Samahani, kwa Kifaransa majina ya vitu yamegawanywa makundi. Samahani, kivumishi mara nyingi hukaa baada ya nomino. Samahani, ukitaja umri wako utasema "nina miaka ishirini", si "mimi ni miaka ishirini". Mwingereza anayasoma hayo huku ameshika kichwa. Na Mswahili naye, kwa kuwa amekalia dawati lilelile, anashika kichwa.

Mimi nafundisha Kifaransa cha kuanzia hapa Arusha, madarasa ya jioni, na wengi wa wanafunzi wangu ni waongoza watalii na madereva wa magari ya safari. Mji huu una sababu zake za kuitaka lugha hiyo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, ilifanya kazi zake hapa kwa Kiingereza na Kifaransa. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo yapo hapa, na tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge mwaka 2022, jumuiya hiyo imepata mamilioni ya watu ambao shule yao ni Kifaransa. Wanafunzi wangu hata hivyo hawana habari na siasa hizo. Wao wanajua kwamba mgeni kutoka Lyon akisikia lugha yake katikati ya Serengeti hutulia, huuliza maswali, na siku ya kuagana tipu huwa nono.

Ninachowaambia siku ya kwanza ni hiki: Kiingereza chenu kiacheni nje, mtakikuta mkitoka. Kifaransa ni mtoto wa Kilatini na Kiswahili ni cha ukoo wa Kibantu, kwa hiyo hakuna undugu wa damu. Lakini katika tabia, namna sentensi inavyojengwa na kinachofuata nini, zinakutana mahali pengi ambapo Kiingereza hakipo kabisa. Anayekwenda Kifaransa kwa kupitia Kiingereza anazunguka mlima bure.

Tuanze na kitenzi avoir, yaani kuwa na. J'ai, tu as, il a, nous avons, vous avez, ils ont. Sasa sema: j'ai faim, nina njaa. J'ai soif, nina kiu. J'ai sommeil, nina usingizi. J'ai peur, nina hofu. J'ai vingt ans, nina miaka ishirini. Ni neno kwa neno, hakuna cha kukariri. Mwanafunzi akiniambia je suis faim, najua papo hapo alikopitia, maana hakuna Mswahili aliyewahi kusema "mimi ni njaa". Mpaka wa bahati hii ni kwenye joto na baridi: sisi tunasikia baridi, wao wanayo, j'ai froid. Na kichwa chetu kinatuuma wenyewe, ilhali wao wana maumivu kichwani, j'ai mal à la tête. Hayo ni mawili matatu ya kuzoea, basi.

Être, kuwa, nayo ina zawadi yake ndogo. Mimi ni mwalimu: je suis professeur. Mimi ni dereva: je suis chauffeur. Angalia kwamba kati ya kitenzi na kazi hakuna kijineno chochote, kama kwetu. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kiingereza huchomeka un hapo katikati, na ukimuuliza kimetoka wapi hajui.

Kisha vimilikishi, na hapa ndipo darasa langu huanza kucheka. Mon, ma, mes ni -angu. Ton, ta, tes ni -ako. Son, sa, ses ni -ake. Lini son na lini sa? Kitabu cha Kiingereza hujaza nusu ukurasa kueleza kwamba kimilikishi hakimfuati mwenye mali, kinafuata mali yenyewe. Kwetu hilo halihitaji hata sentensi moja. Tunasema gari lake, kitabu chake, nyumba yake, na hakuna anayeuliza kama mwenye gari ni mume au mke. Sa voiture ni gari lake: la Juma, la Asha, yote sawa. Sa mère ni mama yake, yaani mama wa mtoto wa kiume au wa kike. Son père ni baba yake, hivyohivyo. Kinachoamua ni voiture, mère na père, kama vile kwetu kinachoamua ni gari, kitabu na nyumba. Kuna kikorombwezo kimoja tu: neno la kike likianza na irabu, ma na sa hukataa, wanachukua mon na son, kwa sababu ya mdomo na si ya sarufi. Mon amie, rafiki yangu wa kike. Mon école, shule yangu.

Hapo tumekwisha kuingia kwenye jambo lenyewe, yaani jinsia ya nomino, ambayo ndiyo hofu kubwa ya wanaoanza. Le soleil, jua, ni la kiume. La lune, mwezi, ni wa kike. La table, le livre, la maison, le stylo. Watu huuliza: meza ina uke gani? Swali hilo linatokana na jina baya. Wanasarufi wangeyaita makundi hayo A na B tusingepata shida. Wewe hujawahi kuuliza kwa nini mti uko kundi moja na mkate na mguu, au kwa nini ndizi zimekaa pamoja na nyumba. Ulizikuta hivyo, ukazitumia hivyo. Kifaransa kina ngeli mbili tu. Mtoto wa miaka minne anayesema "kikombe changu kimevunjika" amefanya hesabu ngumu kuliko yoyote atakayoombwa na le na la.

Na upatanisho wenyewe unatembea vilevile. Kitabu kidogo, vitabu vidogo. Le petit livre, les petits livres. Nyumba ndogo kwa Kifaransa ni la petite maison, na ile e ya mwisho wa petite inafanya kazi ileile ya viambishi vyetu, ila sisi tunaviweka mbele ya neno na wao wanaviweka nyuma. Hata vile vivumishi vyetu visivyobadilika, safi, ghali, hodari, vina wenzao: marron, rangi ya kahawia, haiguswi na ngeli wala wingi. Zaidi ya hayo, kwenye wingi le na la zote huwa les, kwa hiyo hata ile hesabu ya mbili inapungua kuwa moja.

Utajuaje neno liko upande gani? Mwisho wa neno husaidia sana. Yanayoishia -tion karibu yote ni ya kike: la réservation, la direction, na ile ambayo wanafunzi wangu huitamka kila siku ya kazi, la grande migration, yaani msafara mkubwa wa nyumbu. Yanayoishia -té mengi ni ya kike: la beauté, la sécurité. Yanayoishia -age mengi ni ya kiume, le voyage, le paysage, le village, ila la plage, ufukwe, imeasi, pamoja na la page, la cage na l'image. Yanayoishia -eau ni ya kiume, le bateau, le cadeau, le troupeau, isipokuwa l'eau, maji, na la peau, ngozi. Yanayoishia -isme ni ya kiume bila ubishi: le tourisme. Kwa mengine, jifunze neno na kijineno chake kwa pamoja tangu mwanzo. Usiandike daftarini "maison, nyumba". Andika "la maison".

Lakini kuna mahali ambapo uzoefu wetu wa ngeli unatupoteza, na sijaona kitabu kinachomwonya Mswahili. Kwetu, chenye uhai huvunja sheria ya umbo. Kifaru na kiboko wanaanza na ki- kama kiti na kisu, lakini husemi "kifaru kimelala". Unasema kifaru amelala, vifaru wamelala. Kiongozi amefika, kijana ameoa. Uhai unashinda. Kwa Kifaransa neno ndilo linaloshinda. La girafe ni ya kike hata kama unayemwonyesha mgeni ni dume lililozeeka, na ukiendelea na sentensi utasema elle. L'hippopotame ni wa kiume hata akiwa mama mwenye mtoto mgongoni, na utasema il. Victime, aliyedhurika, na personne, mtu, ni za kike ingawa aliyeumia ni mwanamume mwenye ndevu. Simba ana maneno mawili, le lion na la lionne, na tembo pia, l'éléphant na l'éléphante. Lakini duma ni le guépard tu, nyumbu le gnou tu, mbuni l'autruche tu, wa kike siku zote. Waongoza watalii wanaopenda kueleza dume na jike wanapata tabu hapo kwa sababu macho yanaona kimoja na sarufi inadai kingine. Dawa ni kuongeza mâle au femelle baada ya jina, une girafe mâle, na kuacha upatanisho ubaki palepale na neno.

Na niseme ukweli, kuna jambo moja Kiingereza kingetusaidia: il na elle kwa watu. Yeye yetu, na a- yetu ya "anakuja", haziulizi mtu ni mume au mke. Kwa hiyo mwanafunzi mzuri kabisa anaweza kumsimulia mama yake mzazi kwa il kuanzia kuzaliwa hadi kustaafu. Hakuna njia ya mkato ya kuliondoa hilo. Mimi huwapa kazi ya kueleza familia nzima kwa sauti, shangazi, mjomba, binamu, mpaka ulimi uchoke.

Jinsia ikikaa, nchi nazo zinakaa. Nchi zinazoishia na e ni za kike, nyingine ni za kiume, na hilo ndilo linaloamua utasemaje "huko". En Tanzanie, lakini au Kenya, au Rwanda, au Burundi, au Congo. Uganda, l'Ouganda, ni ya kiume lakini inaanza na irabu, kwa hiyo en Ouganda. Komoro iko kwenye wingi: aux Comores. Msumbiji inavunja sheria, kwani le Mozambique inaishia e na bado ni ya kiume, au Mozambique. Mji hauna haya yote. Ni à tu. À Arusha, à Goma. Zanzibar na Madagascar, ingawa ni visiwa, hufuata mkumbo huohuo: à Zanzibar, à Madagascar. Kiswahili hapa hakisaidii kitu, maana sisi twaenda Kenya tu, bila kuomba ruhusa ya kijineno chochote.

Nikiulizwa ni wapi Kiswahili kinamnufaisha mwanafunzi kuliko kwingine kote, nitajibu bila kufikiri: viwakilishi vya mtendwa. Kwa Kiingereza anayependwa huja baada ya kitenzi. Kwa Kifaransa huja kabla, na vitabu hutumia sura nzima kumtuliza msomaji. Tazama: je t'aime. Mimi, wewe, penda. Nakupenda: na-, -ku-, -penda. Mpangilio ni uleule. Je le vois, ninakiona, ikiwa ni kitabu, maana livre ni ya kiume. Je la vois, ninaiona, ikiwa ni nyumba. Je les vois, ninaviona, ninaziona, ninawaona, chochote kile kwa wingi. Yaani le, la, les hapo zinafanya kazi ya -ki-, -i-, -vi- zetu, mahali palepale, kati ya mtenda na kitenzi. Tofauti ni kwamba sisi tunaviandika vimeshikana na wao wanaviandika vimeachana. Ukimsikiliza Mfaransa anavyosema haraka, j'le vois, utaona hata kuachana kwenyewe ni kwa karatasi tu.

Wakati uliopita haubadilishi kitu: nimekiona, je l'ai vu. Kukanusha nako hakubadilishi: sijakiona, je ne l'ai pas encore vu. Kwenye amri ndipo tunapoachana, kwa kuwa wao hukipeleka nyuma, regarde-le, nasi tunakibakiza mbele, kitazame. Lakini ukikataza, wanarudi kwetu: ne le regarde pas, usikitazame. Na wao wanaweza kuweka viwili kwa mpigo, je le lui donne, ninampa hicho, jambo ambalo kitenzi chetu hakikubali. Hilo liache mpaka mwezi wa tatu wa darasa.

Ukanushi wenyewe watu huuona wa ajabu kwa sababu una vipande viwili, ne mbele na pas nyuma. Je lis, je ne lis pas. Lakini anasoma, hasomi: je, na sisi hatukuweka ha- mbele na kugeuza -a ya mwisho kuwa -i? Tunakizungushia kitenzi uzio pande zote mbili tangu tukiwa wadogo. Utakachokisikia mitaani ni kwamba Wafaransa wanapozungumza huiangusha ne na kubakiza pas peke yake: je sais pas, sijui. Usilifanye hilo kwenye maandishi. Mdomoni, lifanye bila aibu.

Sasa nije kwenye ambacho Kiswahili hakina, na kinachowatesa wanafunzi wangu muda mrefu baada ya jinsia kusahaulika: vile vijineno vinavyotangulia nomino. Sisi tunasema "wali" tu. Nakula wali, napenda wali, sili wali, wali umeiva, kilo ya mchele. Mfaransa hawezi kutamka wali kabla hajaamua ni wali upi na kiasi gani. Je mange du riz: nakula wali, kiasi fulani ambacho hakikutajwa. J'aime le riz: napenda wali, wali wote duniani kwa ujumla wake. Je ne mange pas de riz: sili wali, na ukikanusha tu, du inanywea kuwa de. Le riz est cuit: wali umeiva, ule ulioko jikoni. Un kilo de riz: kilo ya mchele, kwa sababu kipimo kimekwisha kutajwa.

Hapo ndipo nakaa na darasa jioni nyingi, na njia niliyoiona inafaa ni kuyagawa mambo kwa vitenzi, si kwa falsafa. Vitenzi vya moyo, kupenda, kuchukia, kupendelea, vinataka le, la, les: j'adore le café, je déteste la pluie. Vitenzi vya mkono na mdomo, kula, kunywa, kununua, kuwa na, vinataka du, de la, des: je bois du café, j'achète de la viande. Neno la kiasi likitokea, iwe kilo, chupa, gunia, kikombe au "nyingi", weka de na usiongeze kitu: une tasse de café, beaucoup de touristes. Hiyo de ya mwisho ni -a yetu ya kikombe cha kahawa, na utamu wake ni kwamba haibadiliki kuwa cha, la, ya, wa. Inachofanya ni kumeza kinachoifuata, de na le zikiwa du. Ndiyo maana hifadhi inaitwa le parc national du Serengeti na shimo la Ngorongoro ni le cratère du Ngorongoro.

Na kuhusu un na le, yaani kitu ambacho hakijajulikana na kinachojulikana, sisi si mabubu kabisa. Sikiliza mtu anavyosimulia: "Alikuja mzee mmoja na mbwa. Yule mzee akaketi, yule mbwa akalala." Mmoja wa kwanza ni un, na yule anayetangulia jina ni le. Kilatini nacho kilianza hivyohivyo. Le na la zimetoka kwenye ille na illa, maneno ya kuonyesha kitu cha mbali, ambayo watu waliyatumia mpaka yakachakaa yakawa mafupi. Mwanafunzi akikwama kati ya un na le, namwambia aisimulie sentensi kwa Kiswahili cha hadithi kwanza. Kama "yule" au "kile" inakubali kutangulia, ni le. Haifanyi kazi mara zote, lakini inafanya kazi mara nyingi kuliko kukisia.

Vitenzi vinatisha kwenye karatasi kuliko mdomoni. Chukua parler, kuzungumza: je parle, tu parles, il parle, nous parlons, vous parlez, ils parlent. Kati ya hizo sita, nne zina sauti moja. S ya parles haitamkwi, wala -ent ya parlent. Isitoshe, watu wakizungumza kwa kawaida huiacha nous na kutumia on, na on hufuata il: on parle. Kwa hiyo masikioni una sauti mbili tu, parle na parlez. Kwa kuwa mwisho wa neno umekufa sauti, kiwakilishi cha mbele ndicho kinachobeba nafsi, na ndiyo sababu hakiwezi kuachwa. Yaani je, tu, il zinafanya kazi ya ni-, u-, a-. Kwetu husemi "nasema" bila n-, na kwao husemi parle bila je.

Vilivyopotoka vinapaswa kukaririwa, na havikwepeki: être, avoir, aller, faire. Lakini hata humo kuna mtindo. Ils sont, ils ont, ils vont, ils font: kwa wakati uliopo vinne hivyo tu ndivyo vinavyoishia -ont, na ukivisema kama wimbo havitoki tena kichwani. Ukishapata aller umepata pia wakati ujao wa bei nafuu: je vais manger, nitakula sasa hivi. Wakati uliopita nao, kwa vitenzi vingi, ni avoir na umbo moja la kitenzi: j'ai mangé. Vichache vinavyohusu kwenda na kurudi, kuingia na kutoka, kuzaliwa na kufa, vinachukua être badala yake, na hapo kitenzi kinaanza kupatana kama kivumishi: il est arrivé, elle est arrivée, elles sont parties. Kwa anayesema "kimefika" na "vimefika" kila siku, hilo si geni.

Kuna na ile hali iitwayo subjonctif, ambayo vitabu huificha mpaka mwaka wa pili, wakisema ni ya watu waliobobea. Nataka aje. Ni lazima mkae. Afadhali tuondoke. Ile -e ya mwisho, ambayo kila Mswahili huitumia kabla hajaenda shule, Kifaransa nacho kina umbo lake maalumu, na hutokea mahali palepale: baada ya kutaka, kulazimu, kuhofia. Je veux qu'il vienne, nataka aje. Il faut que vous restiez dans la voiture, ni lazima mkae ndani ya gari. Sentensi hiyo ya pili naifundisha mapema kabisa, kwa sababu dereva aliyesimamisha gari karibu na simba hana muda wa kusubiri mwaka wa pili.

Matamshi ni somo la peke yake, nitaje moja tu. R ya Kifaransa haisumbui mtu wa Pwani. Ni jirani wa karibu wa gh anayoitamka kwenye lugha na ghali. Sisi wa bara tunaosema "luga" na "gali" ndio tunaotoa jasho.

Nimeziweka namba mwisho kwa sababu huko ndiko Kifaransa kinapojichanganya chenyewe. Mpaka sitini mambo ni shwari. Sabini ni soixante-dix, sitini na kumi. Themanini ni quatre-vingts, ishirini nne. Tisini ni quatre-vingt-dix, ishirini nne na kumi. Tisini na tisa unaifikia kwa quatre-vingt-dix-neuf, na mteja akiwa ameshaondoka. Lakini hiyo ni hesabu ya Ufaransa. Wabelgiji walikuwa na akili ya kusema septante kwa sabini na nonante kwa tisini, na kwa kuwa wao ndio waliotawala Kongo, Rwanda na Burundi, majirani zetu huhesabu hivyo mpaka leo. Mfanyabiashara wa Goma anayezungumza nawe Kiswahili kizuri akifika kwenye bei anaweza kurukia Kifaransa ghafla, na atakachotamka ni septante. Mimi naifundisha hiyo kwanza, halafu ile ya Ufaransa kwa ajili ya kuelewa tu wengine wanapoisema. Mgeni wa Paris akikusikia ukisema nonante-neuf atatabasamu na kukuuliza kama umesomea Ubelgiji. Mwambie mwalimu wako wa hesabu alikuwa wa Bukavu.